Kabla Askari Hawajafika: Sanaa na Udhibiti katika Brazil ya Kijeshi, 1964–1985

Mwishoni mwa Mei 1969 Jumba la Sanaa ya Kisasa la Rio de Janeiro, ambalo Wabrazil hulijua kwa kifupi MAM, lilikuwa limekamilisha maandalizi ya maonyesho ya wasanii vijana waliochaguliwa kuiwakilisha nchi yao katika tamasha la sanaa jijini Paris. Kazi zilishatundikwa. Saa chache kabla ya milango kufunguliwa ikaja amri ya wanajeshi kwamba maonyesho hayo hayatakuwapo, na kazi zikashushwa. Miongoni mwa zilizochaguliwa ilikuwamo picha ya Evandro Teixeira, mpigapicha wa gazeti la Jornal do Brasil, aliyoipiga mwaka 1965: askari wa jeshi la anga anaanguka na pikipiki yake barabarani. Hakuna sheria ya Brazil iliyosema kwamba picha ya askari anayeanguka ni kosa, wala hapakuwa na ofisi ambayo mpigapicha angeipelekea mapema akaambiwa inafaa au haifai. Naanza na tukio hili kwa sababu linaonyesha wazi jambo ambalo historia nyingi za udhibiti hulipita haraka. Katika miaka 21 ya utawala wa kijeshi Brazil, uchoraji, uchongaji na sanaa nyingine za kutazamwa zilibanwa zaidi na amri zisizotabirika kuliko na kanuni iliyoandikwa. Amri hizo zilikuwa chache, lakini kila moja iliwafundisha wakuu wa majumba ya sanaa, waandaaji na wafadhili kuifanya kazi ya mkaguzi wao wenyewe, kabla askari hawajafika. Na kwa kuwa kazi hiyo haikuacha mhuri wala faili, ni rahisi leo mtu kudai kwamba haikufanyika.

Jeshi lilimwondoa Rais João Goulart kati ya Machi 31 na Aprili 1, 1964, na Jenerali Humberto Castelo Branco akashika urais. Katika miezi ya kwanza waliokamatwa na kufukuzwa kazi walikuwa hasa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waliowaunganisha wakulima wa kaskazini-mashariki, wanasiasa, na wanajeshi walioshukiwa kuegemea mrengo wa kushoto. Wasomi na wasanii wa mijini waliachwa kwa kiasi kikubwa waendelee. Mhakiki Roberto Schwarz aliliona hili mapema na kuliandika: serikali ilikuwa ya mrengo wa kulia, ilhali vitabu, tamthilia na nyimbo zilizotawala mijini zilikuwa za mrengo wa kushoto. Wanajeshi walikuwa wamekata nyuzi zilizowaunganisha wasanii na vijiji na viwanda, na kwa muda waliona hilo linatosha.

Michezo ya kuigiza, filamu na nyimbo zilikuwa na wakaguzi wake tangu zamani, kabla hata ya jeshi kuingia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 kazi yao ilikuwa imehamishiwa Brasília chini ya polisi ya shirikisho. Mtunzi alipeleka maandishi yake, akangoja, akarudishiwa majibu: yamepita, yakatwe hapa na pale, au yamepigwa marufuku. Ulikuwa ni uonevu, lakini uonevu wenye anwani. Mtu aliweza kuuzunguka kwa akili, kama mwanamuziki Chico Buarque alivyofanya mwaka 1974 alipopeleka nyimbo kwa jina la mtunzi wa kubuni, Julinho da Adelaide, zikapita. Magazeti nayo yalipata namna ya kuwaonyesha wasomaji kwamba mkono wa mkaguzi umepita. O Estado de S. Paulo lilijaza nafasi za habari zilizoondolewa kwa beti za mshairi wa Ureno Luís de Camões, na gazeti dada, Jornal da Tarde, likachapa mapishi. Msomaji aliyekuta mapishi katikati ya ukurasa wa siasa alijua kwamba hapo palikuwa na kitu. Mchoraji hakuwa na ofisi ya kupeleka turubai lake, wala nafasi tupu ya kuonyesha palipokatwa.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa uhuru, na kwamba mchoraji alikuwa na bahati kuliko mtunga tamthilia. Ningekubali kama kukosekana kwa kanuni kungekuwa na maana ya kukosekana kwa adhabu. Haikuwa hivyo. Asiyejua mstari umechorwa wapi hulazimika kusimama mbali nao sana, na mwenye jengo, bajeti na bodi ya wakurugenzi husimama mbali zaidi kuliko msanii mwenye brashi tu. Mazoea ya kuchagua nani aingie na nani abaki nje yalikuwapo pia kabla ya hofu ya jeshi kukomaa. Mwaka 1965, MAM ilipofungua maonyesho yaliyoitwa Opinião 65, Hélio Oiticica alifika na wachezaji samba wa Mangueira, mtaa wa mabanda wa Rio, wakiwa wamevaa kazi zake alizoziita Parangolé: majoho na mabango ya vitambaa, plastiki na magunia ambayo hayana uhai mpaka mtu ayavae na kucheza. Walizuiwa kuingia, wakacheza nje, kwenye bustani. Hakuna askari aliyehusika. Waliozuiwa walikuwa watu weusi na maskini wenye ngoma zao, na jumba la sanaa halikuwataka ndani. Silitaji tukio hili ili kuwasawazisha wakurugenzi na majenerali, kwa kuwa hawakuwa sawa. Nalitaja kwa sababu jeshi, lilipokuja kuhitaji milango inayojifunga yenyewe, liliikuta tayari ina bawaba.

Mwaka 1968 ulibadili mambo. Machi 28 polisi walimpiga risasi na kumuua mwanafunzi Edson Luís katika mgahawa wa wanafunzi wa Calabouço, Rio, na Juni 26 maandamano ya watu wapatao laki moja yakapita katikati ya jiji hilo. Desemba 13 serikali ya Artur da Costa e Silva ikatoa Amri ya Kitaasisi Namba 5, iitwayo AI-5. Bunge likafungwa, rais akapewa uwezo wa kumvua yeyote haki zake za kisiasa, na aliyekamatwa kwa kosa la kisiasa akapoteza haki ya kuiomba mahakama ihoji kushikiliwa kwake. Mwezi huohuo, huko Salvador, maonyesho ya pili ya kitaifa ya Bahia yalifungwa mara tu baada ya kufunguliwa. Waandaaji walikamatwa, na yalipofunguliwa tena kazi zilizohesabiwa kuwa za uchochezi hazikuwamo. Mwaka mmoja kabla, katika maonyesho ya Brasília, picha ya Cláudio Tozzi iliyomhusu Che Guevara ilikuwa imevunjwa na kundi la mrengo mkali wa kulia. Sasa kazi hiyo ilifanywa na serikali yenyewe.

Kazi ya msanii Antonio Manuel iliyokusudiwa kuonyeshwa MAM ule Mei 1969 inastahili kutazamwa kwa karibu. Jina lake lilitokana na lugha ya vichwa vya habari, na maana yake ni kwamba ukandamizaji umerudi tena na haya ndiyo matokeo yake. Ni mbao tano nyekundu zilizochapwa kwa wino mweusi picha na maneno ya magazeti ya mwaka 1968, wanafunzi wakikabiliana na polisi. Kila ubao umefunikwa kitambaa cheusi, na kamba inaning'inia. Asiyevuta kamba anaona weusi mtupu; anayevuta anaona damu na marungu, kisha akiiachia kamba kitambaa kinashuka tena. Habari zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchapwa magazetini, zikauzwa barabarani, zikasomwa na maelfu. Kama tatizo lingekuwa habari, amri ilikuwa imechelewa mwaka mzima. Kilichowaudhi wakubwa, nadhani, ni ile kamba. Gazeti la jana hufungiwa samaki, lakini mbao hizi zilimtaka kila mtazamaji aamue kwa mkono wake kama anataka kuona, na kwa kuamua hivyo akawa shahidi mbele ya wenzake. Kazi hiyo ilifichwa, ikaokoka.

Mhakiki Mário Pedrosa, aliyeongoza chama cha wahakiki wa sanaa cha Brazil, hakunyamaza. Chama chake kilipinga kufungwa kwa maonyesho na kuwataka wanachama wasishiriki kuchagua kazi kwa ajili ya maonyesho yanayofadhiliwa na serikali. Juni 1969 wasanii na wahakiki wakakutana Paris na kutangaza kuyasusia maonyesho makubwa ya kimataifa ya São Paulo, yale yafanyikayo kila baada ya miaka miwili. Wasanii wengi wa Ufaransa, Marekani, Uholanzi na Uswidi wakajitoa, pamoja na Wabrazil wengi. Maonyesho ya kumi yalifunguliwa mwaka huo yakiwa na mapengo makubwa, na kwa miaka iliyofuata wapo walioendelea kukaa mbali. Pedrosa mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 70, alitafutwa mwaka 1970 kwa tuhuma kwamba ametoa nje ya nchi habari za mateso ya wafungwa. Alikimbilia ubalozi wa Chile. Wasanii wa dunia, Picasso, Alexander Calder na Henry Moore wakiwamo, waliweka saini barua ya wazi ya kumtetea. Alipofika Santiago aliisaidia serikali ya Salvador Allende kukusanya jumba zima la sanaa kutoka kwa wasanii waliotoa kazi zao bure, na Septemba 1973 jeshi la huko lilipopindua serikali ilimbidi akimbie kwa mara nyingine.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na ndivyo majumba ya sanaa yalivyofanya. Mwaka 1970 Antonio Manuel alijaribu kuusajili mwili wake mwenyewe kama kazi ya sanaa katika maonyesho ya kitaifa ya MAM. Kamati ikamkataa. Usiku wa ufunguzi akatokea akiwa uchi mbele ya wageni, na Pedrosa, aliyekuwa hajaondoka bado, akalisifu tendo lile kama zoezi la uhuru. Mwaka 1973 ndio unaonipa ushahidi ulio wazi kuliko wote. MAM ilikuwa imempangia msanii huyohuyo maonyesho yake peke yake, kisha uongozi wa jumba ukaingiwa na wasiwasi kuhusu baadhi ya kazi, na maonyesho yakafutwa. Hapakuwa na ofisa mlangoni. Wakuu walisoma hali ya hewa wakaamua. Antonio Manuel hakukubali yaishie hapo. Alizungumza na gazeti la O Jornal, na Jumapili moja ya Julai 1973 maonyesho yake yakatoka kama sehemu ya kurasa sita ndani ya gazeti hilo, yakiuzwa vibandani kwa siku moja, tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku. Magazeti yalikuwa na wakaguzi, jumba la sanaa halikuwa nao, na bado msanii alipata nafasi gazetini kuliko jumbani. Anayedai kwamba mahali pasipo na mkaguzi ndipo penye uhuru hana budi kulieleza hili.

Kwa hiyo sanaa iliondoka jumbani, na ilianza kuondoka hata kabla ya 1973. Aprili 1970 mhakiki Frederico Morais aliandaa siku kadhaa za sanaa katika bustani ya manispaa ya Belo Horizonte na maeneo jirani, chini ya jina lenye maana ya kutoka mwilini hadi ardhini. Aliyelipia ni shirika la utalii la serikali ya jimbo la Minas Gerais, na wasanii walipewa barua za kuwaruhusu kufanya kazi zao papo hapo bustanini. Aprili 20 Artur Barrio alitupa mafurushi 14 ukingoni mwa mto Arrudas, unaobeba maji machafu ya mji. Kila furushi lilikuwa kitambaa kilichofungwa kamba, ndani yake nyama, mifupa, damu, udongo na sponji, na mengine yalichanwa kwa kisu hadi utumbo wa sponji ukatokeza nje. Hayakuwa na jina la msanii wala maelezo. Watu wakakusanyika, wengi, wakijiuliza ni maiti za nani, na polisi na zimamoto wakaja. Yeyote aliyeishi Brazil miaka ile alijua kwa nini swali hilo lilikuja midomoni upesi. Vikundi vya polisi wauaji vilikuwa vikitupa miili pembezoni mwa miji, na waliokamatwa kwa sababu za kisiasa walikuwa wakitoweka. Barrio hakuhitaji kumshtaki mtu yeyote. Watazamaji waliyatambua mafurushi wenyewe, na utambuzi huo ndio uliokuwa kazi ya sanaa. Ndiyo maana haikuwezekana kuukamata. Mwisho wa siku polisi walikuwa na nyama iliyooza mikononi.

Siku iliyofuata ilikuwa Aprili 21, siku ya kumkumbuka Tiradentes, aliyenyongwa mwaka 1792 kwa kula njama dhidi ya utawala wa Ureno. Serikali ya kijeshi ilikuwa imemtangaza kwa sheria ya mwaka 1965 kuwa mlezi wa taifa. Cildo Meireles alisimamisha mti wa mita mbili na nusu, juu yake kipimajoto, akawafunga kuku kumi wakiwa hai, akawamwagia petroli na kuwasha moto. Siitetei njia hiyo. Kiumbe hai hakuumbwa awe mfano, na uzito wa hoja hauondoi uchungu wa ndege. Lakini hoja ilieleweka na kila aliyekuwapo: watu waliokuwa wakitesa na kuua walikuwa wakijivika sura ya shujaa aliyeuawa na dola, na msanii aliwarudishia sherehe yao ikiwa na kifo ndani yake.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya kunipinga hujitokeza, na huzungumzwa sana na watu wanaoipenda sanaa hii. Husemwa kwamba bila udhibiti tusingepata mafurushi ya Barrio wala kurasa sita za Antonio Manuel, na kwamba mbano ulizaa ubunifu. Sioni ukweli ndani yake. Mbinu zenyewe zilitangulia mbano. Wasanii wa Rio walitoa tamko lao la kuivunja fremu ya picha na kumwingiza mtazamaji ndani ya kazi mwaka 1959, miaka mitano kabla ya mapinduzi. Lygia Clark alikuwa ametengeneza vifaa vya chuma vya kukunjwa na mikono ya mtazamaji, na Oiticica alianza Parangolé mwaka 1964 kutokana na maisha yake na wachezaji wa Mangueira. Jeshi liliikuta kasi hiyo tayari inakwenda. Lilichofanya ni kuiondolea mahali pa kukua na watu wa kuiendeleza. Clark aliondoka kwenda Paris mwaka 1968. Oiticica alikwenda London, kisha New York, akakaa huko hadi 1978. Lygia Pape alikamatwa na kuteswa mwaka 1973. Carlos Zílio mwaka 1967 alibuni kopo la alumini la kubebea chakula cha mchana, lile la mfanyakazi wa kiwandani. Ukilifungua unakuta uso wa njano wa plastiki, na mdomoni umeandikwa neno la kuhimiza mapambano. Alitaka makopo ya namna hiyo yatengenezwe kwa wingi na kugawiwa milangoni mwa viwanda. Hayakugawiwa kamwe. Zílio alijiunga na mapambano ya silaha, akapigwa risasi na kukamatwa mwaka 1970, na michoro yake iliyofuata aliichora gerezani. Anayeuhesabia udhibiti faida ya mafurushi ya Barrio lazima auhesabie pia hasara ya makopo ya Zílio, na hasara ya namna hii haina jumba la kuonyeshwa.

Hoja ya pili ni ya upande mwingine: kwamba serikali yenyewe iliilipia sanaa. Ni kweli. Maonyesho ya São Paulo hayakusimamishwa hata mara moja, Belo Horizonte fedha zilitoka kwa shirika la jimbo, na mwaka 1975, chini ya Jenerali Ernesto Geisel, iliundwa Funarte, taasisi ya taifa ya kuendeleza sanaa. Wapo wanaosema kwamba utawala uliojenga taasisi za namna hiyo hauwezi kuitwa adui wa sanaa, na kwamba Argentina na Chile waliuawa watu wengi zaidi. Tume ya Kitaifa ya Ukweli ya Brazil, katika ripoti yake ya mwaka 2014, iliorodhesha watu 434 waliouawa au kutoweka kwa sababu za kisiasa, na ni kweli kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ya majirani. Lakini siwezi kuipima sanaa kwa idadi ya maiti. Fedha na hofu zilitoka mfuko mmoja. Uchumi ulikuwa unakua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka tangu 1969 hadi 1973, timu ya taifa ilichukua Kombe la Dunia mwaka 1970, na serikali ilihitaji wageni waione nchi ya kisasa, yenye sanaa ya kisasa. Maonyesho ya São Paulo yaliisaidia katika hilo. Jumba linalotegemea ruzuku ya mwaka ujao lina sababu ya ziada ya kutotundika picha inayoweza kuikosesha ruzuku hiyo, na ufadhili bila kanuni wazi ukiungana na adhabu bila kanuni wazi, matokeo yake ni wakurugenzi waangalifu mno. Ndiyo sababu Pedrosa na wenzake waliona kwamba kususa kulikuwa na maana: kwa kujitoa, walikataa kuwa pambo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi kwangu. Husemwa kwamba mchezo huu wote ulikuwa wa watu wachache wa tabaka la kati, na kwamba mwananchi wa kawaida hakujua kama Antonio Manuel yupo au hayupo. Kwa sehemu ni kweli, na wasanii wenyewe waliliona. Jibu bora lilitoka kwa Meireles mwaka 1970, katika kazi aliyoiita uingizaji ndani ya mizunguko ya kiitikadi. Miaka ile Coca-Cola iliuzwa katika chupa za kioo zinazorudishwa. Kwa yeyote aliyewahi kurudisha kreti dukani, mzunguko huo hauhitaji maelezo: chupa hutoka kiwandani ikiwa imejaa, hurudi tupu, husafishwa, hujazwa tena. Meireles alichukua chupa tupu, akazichapa kwa wino mweupe uleule wa nembo maneno ya kuwapinga Wamarekani au maelekezo ya kutengeneza bomu la petroli, akazirudisha. Tupu, maandishi hayakuonekana vizuri. Zikijazwa soda nyeusi, yalisomeka. Kampuni kubwa ya kigeni ikawa inasambaza, kwa malori yake yenyewe, maneno ambayo hakuna jumba la sanaa Rio lingeyatundika. Chupa hizo zilikuwa chache, na sitadai kwamba zilimwamsha mtu barabarani. Mwaka huohuo mradi huo ulionyeshwa New York kwenye maonyesho yaliyowakusanya pia Barrio, Oiticica na Guilherme Vaz, na huko ndiko wengi walikouona kwanza. Kwa maana hiyo mpinzani wangu ana hoja kuhusu chupa.

Noti za fedha, alizozitumia Meireles baadaye kwa namna hiyohiyo, ni habari nyingine. Oktoba 25, 1975 Vladimir Herzog, mwandishi wa habari na mkuu wa habari wa kituo cha televisheni cha TV Cultura, alikwenda mwenyewe kwenye makao ya upelelezi wa jeshi São Paulo alikoitwa kuhojiwa. Siku hiyohiyo jeshi likatangaza kwamba amejinyonga, na likatoa picha: mwili umening'inia kwa mkanda kwenye dirisha la chini, magoti yamekunjwa, miguu imegusa sakafu. Aliyeitazama picha hiyo alijua kwamba mtu hajinyongi hivyo. Oktoba 31 maelfu walijaa kanisa kuu la São Paulo kwa ibada iliyoongozwa na Kardinali Paulo Evaristo Arns pamoja na rabi Henry Sobel na mchungaji James Wright. Meireles akatengeneza mhuri wa mpira wenye swali moja fupi, nani alimuua Herzog, akaugonga kwenye noti za cruzeiro moja, kisha akazitumia. Noti ndogo hupita mikono mingi kwa siku: kondakta, muuza mboga, mlinzi, polisi. Aliyeipokea hakuwa na sababu ya kuichana, kwa maana ni kuchana fedha yake, na akiitumia anaisukuma mbele. Hapakuwa na jumba la kufungwa, wala mkurugenzi wa kutiwa wasiwasi, wala saini ya msanii chini yake. Mfumo wote wa hofu niliouelezea ulimhitaji mtu mmoja wa katikati mwenye kitu cha kupoteza. Meireles alimwondoa mtu huyo, na alichobakiza ni mwananchi na noti yake. Mahakama ya kiraia iliamua mwaka 1978, katika kesi iliyofunguliwa na familia ya Herzog, kwamba serikali kuu ndiyo inayobeba dhima ya kifo chake. Mwaka 2013 cheti cha kifo kikabadilishwa.

AI-5 iliacha kutumika Januari 1, 1979, sheria ya msamaha ikapita Agosti mwaka huo, jeshi likakabidhi urais kwa raia mwaka 1985, na Katiba ya 1988 ikafuta udhibiti wa kiserikali wa sanaa. Mafaili ya wakaguzi wa Brasília yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, na kutokana nayo wanahistoria wamejua kwa undani tamthilia gani ilikatwa wapi na ofisa gani aliweka saini. Kwa michoro na sanamu hakuna rundo la namna hiyo, na anayetegemea mafaili pekee ataandika kwamba uwanja huo ulipona. Ushahidi wake uko kwingine: katika kumbukumbu za vikao vya bodi, barua za mialiko iliyofutwa, orodha za maonyesho ya São Paulo zenye majina yaliyojitoa, na maelezo ya wasanii waliokuwa hai kusimulia. Katiba iliweza kuzifuta amri za majenerali kwa sababu zilikuwa zimeandikwa. Uamuzi wa kuyafuta maonyesho ya 1973 haukuwa sheria, kwa hiyo hapakuwa na sheria ya kuufuta, na hadi leo historia ya uamuzi wa namna hiyo inapaswa kuandikwa jumba kwa jumba.